Maji yamechemka, lakini kemikali je?

Barua za maji ya bomba zimekuwa nyingi mpaka nikamwomba mhariri aniachie kurasa zote za safu mwezi huu. Majina nimeyatoa, maswali nimeyafupisha kidogo. Kabla sijaanza kuandika nilikaa miaka kadhaa maabara ya maji, kazi yangu ilikuwa kupokea chupa za watu na kuwasomea majibu, na kitu kilichokuwa kinaniuma kila wiki ni mtu anakuja na risiti ya filta mkononi, ameshanunua, ameshafunga, alafu ndo anauliza maji yake yana nini. Kwahiyo mkiona narudia rudia swali la "yana nini" humu ndani mnisamehe, silijui swali lingine la kuanzia.

Habari za kazi. Nina mtoto wa miezi minne, anatumia maziwa ya kopo. Maji ya bomba nayachemsha robo saa nzima mpaka yapungue ndo naridhika. Nyumba yenyewe ni ya zamani, hata mwenye nyumba hajui mabomba yaliwekwa lini. Juzi shemeji yangu kaniambia kuchemsha sana kunaongeza sumu, nikaona ananitisha tu. Ni kweli?

Hongera kwa mtoto mama. Shemeji yako hakutishi, ana hoja ila hakuimalizia.

Kuchemsha ni kwa ajili ya vijidudu, na hapo hakuna ubishi, usiache. Maji yakishatokota kwelikweli, yale mapovu makubwa yanayopanda hata ukikoroga hayatulii, dakika moja inatosha, na kama mnaishi juu mlimani kupita mita 2,000 weka dakika tatu. Bakteria na virusi wameisha. Lakini madini ya risasi, nitrati, aseniki, floraidi, hivi vyote havina uhai wa kuuliwa na wala havitoki na mvuke, kinachotoka na mvuke ni maji yenyewe. Sasa piga hesabu na mimi: una lita 2, kila lita ina mikrogramu 10 za risasi, jumla 20. Unachemsha mpaka zinabaki lita moja na nusu. Zile 20 ziko palepale, ila sasa kila lita ina zaidi ya 13. Hiyo 10 ndo kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani, yani umeanza ukiwa kwenye mstari ukamaliza umeuvuka, kwa moto wako mwenyewe na kwa nia nzuri kabisa. Na shirika hilohilo linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara kwa mtoto, inamgusa ubongo ukiwa bado unajengwa.

Nitrati nayo ni habari ya watoto wa chupa hasa. Mwaka 1945 daktari mmoja wa Iowa huko Marekani, Hunter Comly, aliandika kuhusu vichanga waliokuwa wanageuka rangi ya samawati, midomo na kucha, na wote maziwa yao yalikorogwa na maji ya visima vyenye nitrati nyingi. Nitrati ikifika tumboni inageuka nitriti, nitriti inaishika damu inashindwa kubeba oksijeni, mtoto anakosa hewa huku anapumua. Kiwango cha mwongozo leo ni miligramu 50 kwa lita na kimewekwa kwa kumwangalia mtoto kama wako. Mara nyingi inatokana na mbolea ya mashambani au vyoo vilivyo karibu na chanzo cha maji.

Turudi kwenye nyumba ya zamani, manake hapo ndo wasiwasi wangu ulipo. Risasi mara nyingi haitoki mtamboni wala mtoni, inatoka kwenye bomba la kuingilia nyumbani, kwenye lehemu iliyounganishia mabomba ya shaba, kwenye koki za shaba njano. Marekani walipiga marufuku mabomba na lehemu ya risasi kwenye ujenzi mpya mwaka 1986, maana yake kilichofungwa kabla ya hapo kilibaki ardhini. Mji wa Flint, jimbo la Michigan, ulikuja kulipia hilo: Aprili 2014 walihama kutoka maji yaliyosafishwa Detroit wakaanza kutumia ya mto Flint, bila kuweka ile dawa ya fosfeti inayofanya utando ndani ya bomba. Maji yale yalikuwa makali, yakaula utando wa miaka mingi na risasi ikaanza kumwagika kwenye glasi za watu. Wakazi walilalamika weee wakaambiwa maji yako sawa, mpaka timu ya Marc Edwards wa chuo cha Virginia Tech ilipopima maji nyumba kwa nyumba na daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha akatoa takwimu za risasi kwenye damu za watoto. Oktoba 2015 wakarudi kwenye maji ya Detroit. Mwaka na nusu huo, na mtoto wa miaka miwili hapo hajui kitu.

Kwahiyo mama, leo leo kabla ya filta yoyote: maji ya kunywa na ya maziwa chukua bomba la baridi tu, ya moto yanayeyusha risasi zaidi, ukitaka moto pasha mwenyewe. Asubuhi au mkirudi safari, maji yaliyolala ndani ya bomba masaa sita au zaidi usiyanywe, yaache yatoke mpaka uhisi kwa mkono yamebadilika yamekuwa ya baridi kweli, alafu endelea kidogo tena, hasa kama bomba la kutoka barabarani ni refu. Usiyamwage, kinga kwenye ndoo udekie.

Alafu fungua kile kikofia chenye wavu kwenye mdomo wa koki. Kinazunguka tu, ukishindwa kwa mkono tumia koleo na kitambaa. Nakumbuka chupa moja ilikuja maabara ina risasi nyingi ajabu, sampuli ya pili ya nyumba ileile ikaja safi, ya tatu mbaya tena, tukadhani tumekosea kipimo. Nikaenda na fundi, akafungua kile kikofia akakigonga kwenye kiganja changu, zikadondoka chembe za kijivu kama mchanga mzito, ukizibonyeza kwa ukucha zinabonyea. Vipande vya lehemu. Kila mara koki ikifunguliwa kwa nguvu kipande kinapitishiwa maji, siku nyingine hakimeguki. Mwenye nyumba alikuwa anakitumia kikofia kile tangu amehamia hajawahi kukifungua. Kioshe kila mwezi.

Na mwambie mwenye nyumba akuonyeshe bomba linapoingilia. Likwangue kidogo kwa sarafu: likiwa laini na likang'aa rangi ya fedha, na sumaku haishiki, hilo ni la risasi. Sumaku ikishika ni chuma. Rangi ya shaba utaijua. Mpaka upate majibu ya kipimo, maji ya maziwa ya mtoto yapitishe kwanza kwenye filta iliyothibitishwa kupunguza risasi (namna ya kuijua nimeieleza kwenye barua inayofuata), alafu yachemshe dakika moja uzime.

Salama mwandishi? Walikuja vijana wawili nyumbani wakaweka glasi mbili mezani, moja maji yetu ya bomba, moja ya mashine yao. Wakachomeka kidude chenye vyuma vinne kwenye umeme, dakika haijaisha maji yetu yakawa tope la kahawia linaelea, ya kwao meupe. Mama alishika mdomo. Tumeshalipa nusu. Kweli tulikuwa tunakunywa ule uchafu?

Hapana mdogo wangu. Lile tope halikuwa kwenye maji yenu, lilikuwa kwenye vyuma vyao.

Kidude kile kina jozi mbili, kila jozi fimbo moja ya chuma na moja ya alumini. Umeme unapita ndani ya maji kwa kubebwa na madini, kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, vitu vya kawaida kabisa. Maji ya bomba yanayo, umeme unapita, chuma kinaliwa na kinageuka kutu mbele ya macho yenu. Maji ya mashine yao hayana karibu madini yoyote, umeme unashindwa kupita, vyuma vinakaa vilevile. Basi. Nilikinunua kidude hicho nikakifanyia hii kitu mbele ya wanafunzi wa mafunzo: nikaweka maji safi ya mashine, hayakubadilika, nikatia chumvi kidole kimoja nikakoroga nikawasha tena, yakawa tope kuliko ya bomba. Tukazitoa fimbo tukazifuta kwa karatasi, ile ya chuma ilikuwa na vishimo vishimo kama jino bovu. Wakirudi kuchukua nusu ya pili waombe wafanye jaribio la chumvi kwenye glasi yao, mtaona wanavyokusanya vitu.

Na wakitoa kile kipimo kidogo kama kalamu chenye namba, wanaita TDS, msibabaike pia. Kile kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme alafu kinakadiria jumla ya madini. Kikisoma 300 maana yake takriban miligramu 300 za madini kwa lita, na nyingi ni kalsiamu na wenzake, Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema chini ya 600 ladha ni nzuri tu, na halijaweka kikomo cha kiafya kwa namba hiyo. Sasa fikiria risasi mikrogramu 20, mara mbili ya mwongozo. Kwa miligramu hiyo ni 0.02. Kalamu inahesabu miligramu nzima nzima, kabla risasi haijaingia itasoma 300, ikishaingia itasoma 300. Viuatilifu na klorofomu ndo kabisa, havipitishi umeme, haivioni. Kwahiyo maji ya 40 yanaweza kuwa na sumu na ya 400 yakawa salama. Hiyo kalamu ina kazi moja nzuri, nayo ni kumwambia mwenye mashine ya RO (inayosukuma maji kwa presha kwenye utando mwembamba uitwao membreni) kama membreni yake bado inachuja: pima kabla, pima baada, pengo likianza kupungua membreni inachoka.

Siwezi kusema mashine yenyewe ni mbovu, inaweza kuwa nzuri kabisa na mkawa hamuihitaji. Ombeni karatasi. Filta inayojiheshimu ina namba ya kiwango ilichopimwa nacho, zinazojulikana sana ni za viwango vya Marekani, NSF/ANSI 42 ambayo ni ladha na harufu ya klorini, 53 ambayo ni vitu vyenye madhara ya afya kama risasi, na 58 kwa mashine za RO. Ila namba peke yake haitoshi, chini yake lazima kuwe na orodha ya vitu ambavyo filta hiyo imethibitishwa kupunguza, manake filta inaweza kuwa na 53 kwa kitu kingine na risasi isiwemo. Wakikosa orodha, pesa ya nusu ya pili ipelekeni maabara.

Maji yetu yananuka dawa kama ya kuogelea. Nimesoma klorini inaleta saratani, nataka fundi afunge filta kubwa pale maji yanapoingilia nyumba nzima tuimalize. Unashauri?

Pole pole kaka. Klorini ndo inayolinda maji njia nzima kutoka mtamboni hadi kwako, mabomba yanavuja, presha inashuka, uchafu unafyonzwa ndani, na ile klorini iliyobaki ndo askari. Mwongozo unataka ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita pale bombani kwako, na kikomo cha juu cha kiafya ni 5. Pua inaanza kuisikia chini sana ya 5, kwahiyo harufu sio dalili ya kuzidi.

Ulichosoma kina chanzo lakini. Mwaka 1974 mkemia wa mitambo ya maji Rotterdam, Johannes Rook, alionyesha kwamba klorini ikikutana na mabaki ya majani na udongo kwenye maji inazaa vitu vingine, klorofomu na ndugu zake, wanaitwa trihalomethani. Ukoo huo unashukiwa kwa saratani kwa mtu aliyetumia miaka mingi kwa viwango vikubwa, na ndo maana nchi nyingi zimeweka kikomo, Marekani mfano jumla ya mikrogramu 80 kwa lita. Lakini Shirika la Afya Duniani limeweka wazi kwamba usiache kuua vijidudu kwa kuogopa hivi, kipindupindu hakisubiri miaka thelathini.

Filta ya nyumba nzima siipendi kwa shida yako, ukiitoa klorini pale mlangoni mabomba yote ya ndani na tanki vinabaki bila askari, na maji yakilala bakteria wanazaana. Funga filta ya kaboni, yani ya mkaa, chini ya sinki ya jikoni tu, kwa maji ya kunywa, inatoa klorini na hao trihalomethani. Au bila gharama, maji kwenye jagi la mdomo mpana ndani ya friji, liache wazi masaa kadhaa, harufu inapungua yenyewe. Ila kama mji wenu unatumia kloramini badala ya klorini ya kawaida, hiyo haiondoki kirahisi kwa kuachwa wazi, waulizeni mamlaka yenu ya maji wanatia ipi.

Nina jagi la filta, katriji sijabadilisha mwaka na zaidi lakini maji bado matamu. Si bado inafanya kazi?

Utamu haukuambii kitu dada, risasi haina ladha. Ule mkaa wa ndani, kaboni amilifu, umetengenezwa mara nyingi kwa vifuu vya nazi au makaa ya mawe, ukachomwa mpaka ukawa na matundu yasiyoonekana kwa jicho, gramu moja ina eneo la ndani la mita za mraba 500 na kuendelea, kemikali zinapita zinanata humo kwenye kuta. Kuta zikijaa zinazofuata zinapita moja kwa moja, na wakati mwingine zilizonata kwa ulegevu zinaachia zikasukumwa na nyingine. Juu ya hapo mkaa umeshaondoa klorini, uko na unyevu, uko na chakula, bakteria wanajenga kambi. Nilishakata katriji ya mtu iliyokaa muda kama wako, ndani kulikuwa na utelezi kama wa samaki.

Fuata lita sio ladha. Jagi nyingi zimeandikwa lita 150 hivi, wewe na wenzio mkitumia lita 6 kwa siku hizo zimeisha siku ya 25. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya katriji. Ukiweka mpya mimina maji ya kwanza, kama maelezo yanavyosema, vumbi jeusi likitoka ni mkaa tu. Na ujue mwisho wake: mkaa wa kawaida hautoi nitrati, hautoi floraidi, hautoi chumvi. Hata ukiwa mpya.

Maji yetu yanatoka kisima kirefu yanapandishwa tanki yanashuka bombani, meupe kama kioo, lakini watoto wote watatu meno yana madoa ya kahawia. Tunatia shabu na tunachemsha.

Hiyo inanukia floraidi, na naomba mpime kabla ya mwaka kuisha sio kwa ajili ya meno tu, ikizidi sana kwa miaka inaingia kwenye mifupa, viungo vinakakamaa. Kiwango cha mwongozo ni miligramu 1.5 kwa lita. Inatoka kwenye miamba yenyewe, maeneo ya volkano kama Bonde la Ufa, sehemu za India na China, na kadiri kisima kinavyochimbwa ndani ndivyo maji yanavyokaa na mwamba muda mrefu. Shabu kidogo ya kutuliza tope haiwezi, na kuchemsha nimeshaeleza juu, kunaikusanya. Kinachoweza ni RO, au filta ya alumina amilifu, au ya mkaa wa mifupa ya wanyama, hiyo ya mwisho ni ya siku nyingi na inafanya kazi vizuri sana ila lazima ibadilishwe kwa kupima sio kwa kukisia.

Mkipima muongeze na aseniki. Bangladesh walichimba visima mamilioni tangu miaka ya 1970 ili watu waache maji machafu ya madimbwi, vijidudu vikapungua kweli, na mwaka 1993 ikathibitika visima vina aseniki kutoka kwenye udongo. Walikuja kuvipaka rangi, chekundu usinywe, kijani kunywa, kwa sababu kwa macho, kwa pua na kwa ulimi vilikuwa sawasawa kabisa. Mwongozo wake ni mikrogramu 10.

Birika la umeme linaota ukoko mweupe, na maji yakitoka bombani ni kama maziwa. Ni kemikali?

Ukoko ni chokaa, kalsiamu, haina neno kwa afya, loweka birika na siki. Maji ya maziwa weka kwenye glasi: yakianza kung'aa kutokea chini kwenda juu ni hewa. Yakituama kitu chini ya glasi sio hewa, hicho kipelekeni wakakipime. Na ukiona doa la kijani samawati chini ya koki kwenye sinki, maji yenu yanakula mabomba ya shaba, mnijulishe hiyo haraka.

Nina RO chini ya sinki. Bomba la uchafu linamwaga maji kila saa, nimekinga ndoo inajaa kabla ya jagi. Nimeambiwa pia maji haya hayana madini na yatanidhoofisha.

Hiyo ndoo ndo tabia yake. Membreni inasukuma maji kwa presha yanapita kidogo, yaliyobaki yanaondoka na chumvi zote, mashine za zamani zinamwaga lita 3 au 4 kwa kila moja unayokunywa, za kisasa zinakaribia lita moja kwa kila moja unayokunywa. Presha yako ikiwa ndogo inamwaga zaidi, na ikimwaga hata tanki likiwa limejaa vali ya kuzimia imekufa, fundi dakika kumi. Yale maji ya ndoo ni ya bomba yenye madini yaliyozidi, dekia, fulia, mwagia choo, kunywa hapana.

Madini mengi mwili unayapata kwenye chakula, mtu anayekula vizuri sioni cha kumdhoofisha, ukipenda ladha kuna katriji ya kurudisha kalsiamu. Ninachokusihi ni ile filta ya kaboni iliyo kabla ya membreni, watu wanaisahau, klorini ikivuka pale inaichana membreni kimyakimya na hutajua mpaka ushike ile kalamu ya TDS.

Hizi kemikali za milele nazo zikoje? Zinachujika?

Hizo ni PFAS, ukoo wa maelfu, kiungo cha kaboni na florini ndani yake ni kigumu kuvunjika ndo maana zikaitwa hivo. Zilitumika kwenye povu la kuzimia moto viwanja vya ndege, sufuria zisizogandisha, nguo zisizopitisha mvua. Mwaka 2024 Marekani iliweka kikomo cha nanogramu 4 kwa lita kwa mbili kati yake, PFOA na PFOS, na nanogramu ni bilioni moja kuifanya gramu, uone wanavyoziogopa. RO inazitoa, kaboni nzuri pia ila ikibadilishwa kabla ya muda wake, manake zikivuka hakuna harufu. Kuchemsha hakusaidii. Kama hamko karibu na kiwanda, uwanja wa ndege au dampo, mimi ningeanza na risasi na nitrati kwanza.

Nimekubali kupima. Nikifika maabara niseme nini? Naogopa kuonekana sijui.

Hakuna wa kukucheka, na akikucheka nenda nyingine. Usiseme "pimeni maji", utapimiwa vijidudu na pH, yani uchachu wa maji, ukaondoka umefurahi. Taja: risasi, shaba, nitrati, floraidi, aseniki, manganizi, na kama ni maji ya mji ongeza trihalomethani. Chupa omba kwao, ya risasi ina asidi kidogo ndani usiioshe, na ya trihalomethani inajazwa mpaka juu bila hewa.

Risasi chukua mara mbili, na hii ndo siri ya kipimo chote. Usiku funga maji, mtu asitumie, asiende chooni wala nini, masaa sita na zaidi. Asubuhi kabla ya mtu yeyote weka chupa ya lita moja chini ya koki ya jikoni, kikofia usikitoe, fungua kama unavyofungua siku zote na kinga lile tone la kwanza kabisa. Funga. Alafu yaache yatoke dakika tano, kinga chupa ya pili. Ya kwanza ikiwa mbaya na ya pili nzuri, mara nyingi shida iko ndani ya nyumba, koki au lehemu, na filta ya jikoni na koki mpya zinaweza kumaliza. Zote mbili zikiwa mbaya shida iko nje, bomba la kuingilia au chanzo, na hapo barua ya mamlaka ya maji iandikwe siku hiyohiyo na majirani wagongewe mlango. Andika juu ya kila chupa tarehe, saa, na ipi ya kwanza, manake zikichanganyika mezani kwao usingizi wako wa usiku mzima bila kuvuta maji chooni umepotea bure.